Mgodi wa risasi wa Mpanda: mwamba wake, reli yake na vumbi lake

Mtu wa Wamaza akisema "ng'ambo ya ziwa", mara nyingi anafikiria Kigoma na Ujiji. Ndiko ilikoelekea njia ya zamani ya misafara iliyotoka Kasongo, ikapita Kabambare, ikavuka Tanganyika. Mpanda haitajwi sana. Mji huu uko Tanzania, kusini mashariki mwa Kigoma, mbali kidogo na ufukwe wa ziwa, na tangu 2012 ndio makao makuu ya mkoa wa Katavi. Miaka ya 1950 ulijulikana kwa kitu kimoja, nacho ni risasi. Sosiete iliyoitwa Uruwira Minerals ilichimba madini hayo pale Mukwamba, karibu na mji, ikajengewa reli, kisha mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kazi yenyewe kubwa ilidumu kama miaka kumi tu.

Habari za shimo hilo zinawagusa watu wa kusini mwa Maniema kwa njia mbili. Kwanza ni reli: njia ya treni iliyowekwa kwa ajili ya mawe yale bado inabeba watu na magunia ya mahindi, na sasa Tanzania inapanga kuifikisha ziwani, uso kwa uso na Kongo. Pili ni jambo la hatari. Risasi na dhahabu hukaa pamoja katika miamba mingi, na mtu anayesaga jiwe la dhahabu bila kujua limebeba nini anaweza kuingiza sumu ndani ya nyumba yake. Teritware ya Kabambare ina wakrezeri wengi wa dhahabu. Kwa hiyo maneno haya si ya Tanzania peke yake.

Risasi ni madini gani

Kiswahili kina neno moja kwa madini na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Si ajabu. Risasi za bunduki za zamani zilimiminwa kutokana na madini haya haya, na mtu aliweza kuyayeyusha kwenye moto wa kuni tu, kwa sababu yanayeyuka kwenye joto la digrii 327. Chuma kinataka zaidi ya digrii 1,500. Vitabu vya shule vya Kongo vinaandika plomb, na wanakemia wanaandika Pb.

Ni nadra kukuta risasi tupu ardhini. Kwa kawaida inakaa ndani ya jiwe linaloitwa galena, ambalo ni risasi iliyoshikana na salfa, ile ya kiberiti. Katika kilo 100 za galena safi mna kilo 86 na kitu za risasi. Mara nyingi galena hubeba na fedha kidogo, ile fedha nyeupe ya bangili, na hiyo fedha ndiyo iliyowafanya watu wengi wa zamani, tangu Ugiriki na Roma, kuitafuta.

Watu wa Maniema wanaijua kasiterite, jiwe la bati, hata kwa macho yaliyofumba: unalishika mkononi na uzito unakwambia. Galena nayo ni nzito hivyo, hata zaidi kidogo. Ila hazifanani kwa mengine. Kasiterite ni ngumu, kisu hakiikwaruzi, na rangi yake ni kahawia iliyoiva au nyeusi. Galena ni laini, sarafu ya shaba inaikwaruza. Ikivunjwa upya inang'aa kijivu kama kioo kilichopauka, na vipande vyake vinatoka na pembe za mraba, kama vitofali vidogo. Ukiisugua juu ya kigae kisichopakwa rangi inaacha alama ya kijivu-nyeusi. Ikikaa hewani siku nyingi mng'aro unafifia, ndiyo maana jiwe la zamani juu ya lundo linaweza kumdanganya mtu. Ni vizuri kushika alama hizi akilini, zitahitajika mbele.

Dunia ilitumia risasi kwa kila kitu: mabomba ya maji, rangi ya nyumba, ganda la nyaya za umeme, herufi za kuchapia vitabu, na dawa iliyochanganywa kwenye esanse ili moteri isigonge. Hiyo esanse yenye risasi ilitoka sokoni nchi moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kazi kubwa iliyobaki leo ni batri za magari na za sola. Kwa maneno mengine, karibu kila kijiji chenye taa ya sola ya batri kubwa kina kilo kadhaa za risasi.

Mwamba wa zamani kuliko ziwa

Wachunguzi wa miamba wanaiita sehemu ya Mpanda ukanda wa Ubende, jina lililotokana na nchi ya Wabende. Ni ukanda mrefu wa mawe yaliyopikwa na kukunjwa kwa joto na mgandamizo ndani kabisa ya dunia, unaotoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Umri wa mawe hayo ni kama miliari 2 za miaka, na miliari moja ni milioni elfu moja. Ng'ambo ya Kongo, upande wa Uvira na bonde la Rusizi, kuna mawe ambayo wachunguzi wameyahesabu kuwa ndugu wa yale, hata wengi wanaandika jina moja: ukanda wa Ubende-Rusizi.

Ziwa Tanganyika lenyewe ni mtoto. Lilianza kufunguka miaka milioni kadhaa iliyopita, ardhi ilipopasuka na kushuka, na leo sehemu yake ya ndani kabisa inafika kina cha mita 1,470. Mpasuko haukuchagua njia mpya. Ulifuata makovu ya zamani ya ukanda wa Ubende, kama mti unavyopasuka kufuata nyuzi zake. Ndiyo maana ziwa, na bonde la Rukwa lililo jirani, vinaelekea upande uleule wa mawe. Waholoholo wanaishi pande zote mbili za maji, na mawe ya chini ya miguu yao vilevile yana jamaa ng'ambo.

Sasa risasi iliingiaje humo? Ndani ya mwamba kuna mistari ya udhaifu, mahali vipande viwili vya ardhi vilisuguana na kusagana. Maji ya moto yenye chumvi nyingi yalipanda katika nyufa hizo yakiwa yamebeba risasi, shaba, fedha, dhahabu kidogo na salfa. Yalipopoa, au yalipokutana na mawe ya aina nyingine, yaliacha mizigo yake kwenye kuta za ufa. Safu juu ya safu, mpaka ufa ukajaa. Mshipa wa namna hiyo huonekana kama ubao mwembamba uliosimama wima ndani ya mwamba: kwarizi nyeupe, galena inayong'aa, na vijiwe vya njano vya shaba na chuma. Mahali pengine unanenepa, mahali pengine unakonda hadi kuwa uzi, na mahali pengine unakatika kabisa.

Hapo ndipo penye siri ya maisha mafupi ya migodi ya aina hii. Kasiterite ya Maniema ilitokana na mawe ya graniti yenye umri wa karibu miliari moja ya miaka, kisha mvua na mito ikayavunja na kuitawanya kwenye mabonde, hata mtu mwenye beleshi na karai anaweza kuifuata. Mshipa wa galena hautawanyiki hivyo. Galena inaharibika ikikaa kwenye hewa na maji, haisafiri mbali mtoni. Anayeitaka lazima aufuate mshipa chini, mita baada ya mita, kwa baruti, mbao za kuegemeza na pampu za maji. Mshipa ukikonda, gharama haipungui.

Reli kwa ajili ya mawe

Galena ya Mpanda ilijulikana kabla ya vita ya pili ya dunia, lakini mahali penyewe palikuwa pori la miombo, mbali na kila kitu. Risasi ni bidhaa nzito ya bei ndogo. Dhahabu ya kilo moja inabebwa mfukoni, na risasi yenye thamani hiyo inataka mabehewa. Bila treni, mshipa ule ungebaki kuwa mawe tu.

Baada ya vita bei ikapanda. Ulaya ilikuwa inajengwa upya, magari yaliongezeka, na vita vya Korea vilivyoanza 1950 vikafanya nchi kubwa kuweka akiba ya madini. Utawala wa Waingereza ulikubali kuweka tawi la reli kutoka Kaliua, kituo kilicho kati ya Tabora na Kigoma kwenye reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani, kwenda kusini hadi Mpanda. Urefu wake ni kilomita 210. Kwa watu wa Kasongo wanaolijua tawi la Kindu hadi Kongolo linalopita Samba, lenye kilomita 355 na lililofunguliwa 1911, hiyo ni zaidi kidogo ya nusu yake.

Wakati uleule, kwenye reli hiyo hiyo ya kati, pale Urambo, Waingereza walikuwa wanatupa fedha nyingi kwenye mradi wa karanga, ambao ulikufa 1951 bila karanga za maana. Kwa hiyo si kila treni iliyopita magharibi ya Tanganyika miaka hiyo ilibeba akili timamu. Mradi wa risasi angalau ulitoa risasi.

Kazi ya mgodi wa galena huwa na hatua zinazofanana popote. Mawe yanavunjwa, yanasagwa hadi kuwa unga, unga unatiwa kwenye matangi ya maji yenye dawa, hewa inapulizwa kutoka chini, na vipovu vinashika chembe za galena na kuzipandisha juu kama povu la sabuni. Povu linakusanywa na kukaushwa. Kinachobaki chini, tope la mchanga wa kijivu, kinamwagwa pembeni. Mpanda haikuyeyusha risasi yenyewe: ilipakia unga huo mzito kwenye mabehewa, ukapelekwa pwani na kuuzwa nje. Kwa miaka kadhaa unga wa risasi ulikuwa kati ya madini makubwa yaliyouzwa na Tanganyika, nyuma ya almasi ya Mwadui na pamoja na dhahabu.

Mji ulikua kuzunguka shimo. Watu walikuja kutoka Ufipa, Ukonongo, Unyamwezi na mbali zaidi, kwa mshahara. Ni hadithi ambayo Kalima na Kampene zinaijua vizuri: kambi ya wafanyakazi, nyumba za mabosi zilizopangwa mbali na vumbi, kituo cha afya, shule, duka, na saa ya kengele inayotawala siku ya kila mtu.

Mwaka 1960

Mwisho haukuwa na kishindo. Bei ya risasi duniani ilishuka katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1958 Marekani ikaweka kikomo kwa risasi na zinki zinazoingia kutoka nje ili kulinda migodi yake. Chini ya ardhi nako mawe yenye faida yalikuwa yanakwisha. Mambo hayo mawili yakikutana, mgodi hauna jinsi. Mwaka 1960 Mukwamba ikafungwa, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika. Ule ule mwaka Kongo ilipata uhuru wake.

Mpanda ingeweza kufa. Kilichoiokoa ni ile reli ya kilomita 210, ambayo leta haikuing'oa. Mfano wa kinyume uko nchi hiyo hiyo: reli ya karanga iliyojengwa kusini, kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, iling'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru, na vituo vyake vikabaki majani. Reli ya Mpanda ilibaki, na kwa sababu ilibaki, mahindi, mbao, tumbaku na asali vikapata njia ya kutoka. Mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi walipoingia kwa wingi, kambi kubwa ya Katumba iliwekwa kandokando ya reli hiyo, na miaka mingi baadaye wengi wa watu wake na watoto wao wakapewa uraia wa Tanzania. Treni ya abiria kutoka Tabora ilikuwa ndiyo pumzi ya wilaya, hasa masika, barabara zilipokuwa tope. Barabara ya lami imefika juzi juzi tu.

Linganisha na Maniema. Mwaka 1932 ilianzishwa Symetain, na mwaka 1976 sosiete za bati ziliunganishwa kuwa Sominki. Oktoba 1985 bei ya bati ikaanguka kwa siku chache katika soko la London, na kazi ya viwanda ikaanza kufifia mpaka ikazimika. Hapa lakini kuna tofauti: kasiterite ilibaki kwenye mabonde, na wakrezeri wakaichukua kwa mikono. Huko Kabambare, dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, ilichimbwa enzi ya Wabelgiji hadi 1961, ikarudi kuchimbwa na Banro ambayo ilitangaza uzalishaji wa kibiashara 2016 na kusimamisha kazi 2019. Shimo la sosiete hufungwa mara nyingi, la mkrezeri mara chache.

Mpango wa sasa wa Tanzania ni kujenga reli mpya pana kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi Karema, kilomita 321 kwa jumla. Karema ni mahali pa kihistoria kwa Kongo. Hapo ndipo kapteni Mbelgiji Cambier aliweka kituo mwaka 1879, kabla Leopold hajapewa Kongo, na mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa mapadri Weupe. Sasa Tanzania imejenga bandari pale, ikitazama Kalemie na Moba ng'ambo, kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Na Kalemie, kama wazee wa Samba wanavyojua, imeunganishwa kwa reli na Kabalo tangu 1915, na Kabalo na Kongolo tangu 1939. Kwenye karatasi, gunia la mchele la Kasongo linaweza siku moja kufika bahari ya Hindi kwa njia iliyofunguliwa kwa ajili ya galena. Kwenye karatasi: treni za upande wa Kongo zina matatizo yake, na kila msafiri wa Samba anayajua.

Tope lililobaki

Mgodi ukifungwa, risasi yote haijaondoka. Ule mchanga wa kijivu uliomwagwa pembeni bado una risasi ndani, kwa sababu hakuna mashine inayokamata yote. Jua likiukausha, upepo unaupeleka. Risasi haiozi wala haiungui. Iliyomwagwa 1955 ni ileile leo.

Mfano mkubwa wa Afrika ni Kabwe, katikati ya Zambia. Madini ya risasi na zinki yaliandikwa hapo mwaka 1902 na Mzungu aliyefananisha mahali hapo na mgodi wa Broken Hill wa Australia, akapaita hivyo. Mwaka 1921 wachimbaji walikuta humo fuvu la binadamu wa kale, ambalo baadaye lilipimwa na kukutwa na umri wa karibu miaka 300,000. Tofauti na Mpanda, Kabwe iliyeyusha risasi palepale, moshi ukashuka juu ya mitaa ya wafanyakazi kwa miongo mingi. Ilifungwa 1994, lakini lundo kubwa jeusi na udongo wa mitaa ya Kasanda, Chowa na Makululu vilibaki na sumu. Mwaka 2019 shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba watu zaidi ya 76,000, zaidi ya theluthi moja ya mji, wanaishi kwenye udongo huo. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa wanacheza chini na kutia mikono mdomoni. Mwili wa mtoto unafyonza risasi mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima.

Lakini mfano unaowahusu zaidi watu wa Kabambare ni wa Nigeria, jimbo la Zamfara, na haukutokea kwenye mgodi wa risasi. Ulitokea kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Bei ya dhahabu ilipopanda, wanakijiji walileta mawe nyumbani wakayavunja na kuyasaga uani, wakati mwingine kwa mashine zilezile za kusagia nafaka. Mshipa wao wa dhahabu ulikuwa umejaa galena na mawe mengine ya risasi. Vumbi likashika mikeka, sufuria, visima na nguo za watoto. Mwanzoni mwa 2010 waganga wa Médecins Sans Frontières waliitwa kwa sababu watoto wengi walikuwa wanakufa kwa degedege, na watu walidhani ni malaria au homa ya uti wa mgongo. Vipimo vya damu vikaonyesha risasi. Watoto zaidi ya 400 wa chini ya miaka mitano walikufa, na hilo likawa kati ya mikasa mibaya kabisa ya sumu ya risasi iliyowahi kuandikwa.

Wale wazazi hawakuwa wanatafuta risasi. Walikuwa wanatafuta dhahabu, na hakuna aliyewaambia kwamba kile cha kijivu kinachong'aa pembeni ya dhahabu kinaua. Mpanda nayo ilikuwa na vyote viwili: mishipa yake ya galena ilibeba dhahabu, na mpaka leo wachimbaji wadogo wa mkoa wa Katavi wanafuata dhahabu katika ukanda ule ule.

Kwa anayetwanga

Katika migodi ya dhahabu ya mashariki mwa Kongo, kazi ya kuvunja na kusaga mawe mara nyingi iko mikononi mwa wanawake, wale ambao Kifaransa cha Kivu kimewaita mamans twangaises, kwa kulichukua neno la Kiswahili kutwanga. Wanatwanga kwenye kinu cha chuma, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni, na vumbi linapanda usoni pa wote wawili. Vumbi la kwarizi peke yake tayari linaharibu mapafu. Likiwa na risasi, hatari inakuwa ya aina nyingine.

Risasi ikiingia mwilini, iwe kwa pumzi au kwa mdomo, inapita kwenye damu na kujificha ndani ya mifupa, ambako inakaa miaka mingi. Mama mwenye mimba anaweza kumpitishia mtoto tumboni. Kwa mtoto dalili huanza kimya: tumbo linauma na kufunga, hamu ya kula inapotea, damu inapungua, anachelewa kusema au kutembea, anakuwa mzito darasani. Ikizidi sana, degedege na kupoteza fahamu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na linapendekeza hatua zichukuliwe mtu akifikia mikrogramu 5 katika desilita moja ya damu. Dawa zipo za kuitoa, lakini hazina maana ikiwa mtoto anarudi kulala kwenye sakafu ileile yenye vumbi. Zamfara ilibidi udongo wa vijiji utolewe kwanza, ndipo watoto watibiwe.

Kwa hiyo wanaofanya kazi ya jiwe la dhahabu huwa na mambo machache ya kuangalia, yasiyohitaji fedha nyingi. Kabla ya kusaga, jiwe litazamwe: kitu cha kijivu kinachong'aa, kizito, laini, chenye pembe za mraba, ni alama ya galena. Kisionjwe, kisipewe mtoto kuchezea. Kusaga kufanywe mbali na nyumba na mbali na kisima, na jiwe liloweshwe, kwa kuwa vumbi lililolowa halirushwi na upepo. Mashine ya kusagia muhogo au mahindi isisage mawe hata siku moja. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kumshika mtoto, mikono ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kula. Kuchemsha maji hakusaidii hapa: kunaua vijidudu, risasi inabaki, na maji yakipungua inazidi kukolea.

Na mtoto wa mchimbaji akipata degedege bila homa, au akiumwa tumbo kwa majuma bila sababu, mzazi amweleze mganga wa kituo cha afya kazi inayofanyika nyumbani. Malaria inafanana na vitu vingi. Mganga asiyejua kwamba mawe yanasagwa uani hana sababu ya kufikiria risasi.